Mateke ya Punda

Methali isemayo shukrani ya punda ni mateke nimeizoea tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliitumia bila ya kuifikiri, kama mtu anavyotumia kata ya maji iliyoko mtungini kwao. Siku iliyonilazimisha kuigeuza na kuitazama chini yake ilinikuta mbali na pwani, katika mji wa Bariadi, mwishoni mwa Februari 2009. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, ambao leo makao yake makuu yako hapo, ulizaliwa mwaka 2012. Nilikwenda kwa mwaliko wa rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi na Msukuma wa asili, ili tufasiri pamoja nyimbo za ngoma za kwao kwa Kiswahili. Hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa. Mimi sikusomea kazi ya kufasiri. Nilijifunza kwa kuifanya, na aghalabu kwa kuikosea.

Jioni ile tulikuwa katika mgahawa mdogo karibu na ghala la pamba. Pamba yenyewe ilikuwa bado shambani, na kwa hiyo karani wa mizani, ambaye kazi yake huanza baada ya mavuno, alikuwa na nafasi ya kunywa chai pamoja nasi. Redio ilikuwa ikitangaza mpira kutoka Ivory Coast. Taifa Stars ilikuwa ikicheza na Zambia katika michuano ya kwanza ya CHAN, ile ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Tulikuwa tumefungwa 1-0 na Senegal, tukawafunga wenyeji 1-0, na sasa tulikuwa mbele kwa bao moja. Filimbi ya mwisho ikipulizwa tunaingia nusu fainali. Kabla haijapulizwa, Zambia wakasawazisha. Mgahawa mzima ulinyamaza kama nyumba yenye msiba.

Wa kwanza kusema alikuwa kijana wa daladala (huko daladala ni baiskeli ibebayo abiria nyuma). Alisimama, akaitazama redio kana kwamba ndiyo iliyofungwa, akasema: "Maximo aondoke! Miaka yote hii anatujengea nyumba isiyoezekwa!" Wengine wakamwitikia, na jina la Juma Kaseja likatajwa, na maneno mengine ambayo sitayaandika hapa. Karani wa mizani akaweka kikombe chini. "Shukrani ya punda ni mateke," alisema. "Kabla yake mlikuwa wapi?"

Swali lake lilikuwa na haki. Márcio Máximo, Mbrazili, aliletwa mwaka 2006, na mshahara wake ulilipwa na Serikali. Aliikuta timu ambayo haikuwa imeonekana katika fainali yoyote ya bara zima tangu Lagos mwaka 1980. Katika kufuzu kwa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2008 iliwafunga Burkina Faso nyumbani na ugenini, na Juni 2007 ikatoka sare ya 1-1 na Senegal katika Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Watu walisafiri kutoka Bariadi kwenda kuiona mechi ile, na miaka miwili baadaye walikuwa bado wakiisimulia kama harusi. Kisha Septemba 2007, katika uwanja mpya wa taifa jijini Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 na Msumbiji, na tumaini likafa mbele ya macho ya wenyewe. Mwaka 2008 ikawazuia Cameroon kwa 0-0 hapo hapo Dar es Salaam. Halafu ikaja hiyo CHAN. Kila mara nyumba ilifika usawa wa linta, na kila mara paa likakosekana.

Na kulikuwa na Kaseja. Kipa huyu, kipenzi cha watu wengi, aliachwa nje ya kikosi kwa muda mrefu na mwalimu aliyeweka nidhamu mbele ya kila kitu, na jina lake likageuka kuwa kilio cha majukwaani. Sina nia ya kuhukumu nani alikuwa na haki baina yao. Nasema tu kwamba hasira ya watu ilihitaji jina la kushika, nalo likapatikana.

Ama tuulize sasa: je, ni utovu wa shukrani, watu kumkasirikia aliyewatendea wema, kwa sababu tu amekaa na wema wake umepungua? Nilipolala usiku ule niliiona methali ya karani ina upungufu. Inamhukumu punda bila ya kumuuliza kwa nini anapiga teke. Punda hana ulimi wa kusema amechoka, na wala hawezi kuondoka, kwani amefungwa kwenye gari. Miguu ya nyuma ndiyo lugha pekee aliyoachiwa. Na lugha yetu hii hii inayomlaumu kwa mateke ndiyo iliyosema punda afe mzigo ufike. Maneno hayo hayakusemwa na punda.

Tena, punda ni nani katika habari hii? Karani alimaanisha washabiki. Lakini nikimtazama mwalimu wa timu ya taifa, naye amefungwa kwenye gari, na nchi nzima iko juu yake ikimwambia afe mzigo ufike. Washabiki nao wamebeba: nauli ya kwenda Mwanza, siku ya palizi iliyopotea, aibu ya kuchekwa na jirani. Kila mmoja ni punda wa mwenziwe, na kila mmoja anadhani yeye ndiye mwenye gari.

Naona tunachanganya deni mbili. Nahodha aliyekuvusha salama katika kaskazi ya mwaka ule wa tufani unamdai shukrani, na yeye anakudai. Utampa mkono, utampisha kiti, utamtaja kwa wema mbele ya watoto wako. Deni hilo halifutiki hata akizeeka. Lakini usukani si zawadi ya shukrani. Usukani ni dhamana ya watu waliomo chomboni leo, na swali lake ni moja tu: macho yake yanauona mwamba? Mtu anayesema "muacheni, ametufanyia mengi" anataka kulilipa deni la kwanza kwa mali ya abiria. Na mtu anayesema "aondoke, hana maana" anataka kulikana deni la kwanza ili apate urahisi wa kulidai la pili. Wote wawili wanapunguza mizani, kama ambavyo wakulima wa Bariadi huwashuku baadhi ya wanunuzi wa pamba.

Hapa najua nitapingwa, na mimi mwenyewe najipinga. Abiria wanaopiga kelele kwa wimbi la kwanza hawajui mwamba uko wapi, na nahodha mkongwe pengine anaujua kwa moyo hata macho yakififia. Uvumilivu una kazi yake. Arsène Wenger aliingia Arsenal mwaka 1996 bila ya kujulikana na wengi, akachukua ubingwa wa Uingereza mara tatu, na msimu wa 2003-04 akaumaliza bila ya kufungwa hata mechi moja ya ligi. Kisha ikaja miaka kutoka 2005 hadi 2014 bila ya kombe. Mwezi wa Machi 2017, Arsenal ikicheza ugenini na West Brom, ndege mbili zilipita juu ya uwanja zikiburuta mabango: moja ikimtaka aondoke, nyingine ikimtetea. Nimeifikiria sana picha ile. Watu walewale, penzi lilelile, wakakodi mbingu kugombana. Aliondoka mwaka 2018 baada ya miaka 22, na baada yake Arsenal haikupaa mara moja, ilihangaika kwanza.

Kwetu, ushahidi ni wa kuchanganya zaidi. Maximo aliondoka mwaka 2010, akaja Mdenmaki Jan Poulsen, na Desemba ya mwaka huohuo timu ya Bara ikatwaa Kombe la Challenge jijini Dar es Salaam. Kijana wa daladala angesema: si mnaona, yule ndiye aliyekuwa kizuizi. Karani angesema: si mnaona, yule ndiye aliyewalea. Sijapata kuona mechi iwezayo kuwaamulia hawa wawili.

Na visiwani tunaye wetu. Hemed Suleiman, ambaye sote twamwita Morocco, aliifikisha Zanzibar fainali ya Challenge nchini Kenya mwaka 2017, ikakosa kombe kwa mikwaju ya penalti. Baadaye alikabidhiwa Taifa Stars katikati ya Fainali za Mataifa ya Afrika, Januari 2024, akaifuzisha fainali zilizofuata kwa kuifunga Guinea 1-0 tarehe 19 Novemba 2024, akaifikisha robo fainali ya CHAN Agosti 2025. Novemba 2025, wiki chache kabla ya safari ya fainali alizofuzu yeye, nafasi ikapewa Miguel Gamondi. Timu ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Nani apongezwe? Aliyepika au aliyepakua? Nakiri kwamba katika hili mimi si hakimu mwema, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji.

Lakini nirudi Bariadi, kwani jibu nililolipata, kama ni jibu, sikulipata mpirani.

Nilikwenda tena mwezi wa Julai mwaka uleule, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wana fedha na nafasi. Huo ndio msimu wa ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyojinasibisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa nyimbo. Mashindano yao yana sheria moja ambayo sisi washairi wa pwani ingetufaa kuijua. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake, ambaye wao humwita ningi. Watazamaji wako katikati. Hakuna jaji wala karatasi za alama. Mshindi ni yule mwenye kundi kubwa zaidi la watu mbele yake. Ndiyo maana wachezaji hubuni kila hila ya kuvuta macho, wakaleta vinyago na nyoka, na ndiyo maana ningi huitafuta dawa ya mvuto, iitwayo samba, kwa bidii ileile anayoitafutia tungo mpya. Watu huhukumu kwa miguu.

Siku ya pili ya mashindano nilimwona ningi mzee, ambaye rafiki yangu aliniambia ametamba katika viwanja vile tangu yeye akiwa mwanafunzi. Asubuhi watu walimzunguka kwa heshima. Kufikia adhuhuri nyimbo zake walikuwa wameshazisikia. Hakuna aliyemzomea. Watu waligeuka tu, mmoja mmoja, kama maji yatokavyo katika mtaro, wakaenda upande wa pili alikokuwa kijana mwenye sauti mbaya na maneno makali juu ya bei ya pamba. Mzee aliuimba wimbo wake mpaka mwisho mbele ya watu ambao ningeweza kuwahesabu kwa vidole. Jioni nilimwendea, nikamwamkia kwa Kisukuma changu kibovu, "Mwadila," akacheka, akanijibu kwa Kiswahili. Nilimuuliza kama hakuumia.

"Wamechoka na nyimbo zangu, mwanangu," alisema. "Mwakani nitakuja na nyingine. Zikikataa kuja, nitakuja kutazama."

Maneno haya niliyaandika usiku uleule, na kwa muda mrefu nilidhani fundisho lake ni unyenyekevu wa mzee. Sasa nadhani lilikuwa katika ule uwanja wenyewe. Mtazamaji wa ngoma ana pa kwenda. Hatua arubaini, naye yuko kwa mwingine, na kesho anaweza kurudi bila ya kuitwa msaliti. Kwa hiyo hana haja ya tusi. Mshabiki wa mpira hana hatua hizo arubaini. Mtu wa Yanga hawezi kuhamia Simba kwa sababu mwalimu amechosha. Akifanya hivyo amejivua jina mbele ya watu wa baraza lake. Mwananchi hawezi kuhamia timu ya taifa ya nchi nyingine. Penzi limemfungia mlango, na ndani ya chumba hicho kimebaki kitu kimoja tu, sauti. Yule kijana wa daladala hakupiga kelele kwa sababu hapendi. Asiyependa alikwisha kuizima redio, akaenda zake kutafuta abiria.

Hii haina maana kwamba kila sauti ni halali. Pwani tunajua tofauti. Katika malumbano ya ushairi, mwenye kujibu huifuata bahari ya aliyemwanza. Akimshinda, amemshinda ndani ya mizani yake, na hapo hapo amekiri kwamba mizani ile inafaa kusimamiwa. Wapemba nao wana kibati, ambamo watu hujibizana papo kwa papo, na mtu huambiwa ukweli mchungu mbele ya kadamnasi, akacheka, akajipanga kujibu. Lawama yenye mizani ni aina ya heshima, kwa sababu humpa mwenzio nafasi ya kujibu. Tusi la jukwaani halina bahari wala vina, halingoji jibu. Kwa hilo tu namlaumu kijana wa daladala. Kwa hasira yake simlaumu.

Na sasa niseme lililonifanya niandike haya, kwani si mpira.

Kwa miaka mingi nimekiongoza chama kidogo cha washairi katika mji wetu. Tunakutana kila Alhamisi baada ya isha, tunasoma, tunasahihishana mizani, tunakunywa kahawa. Nilikianzisha na wenzangu watatu, wawili wao wametangulia mbele ya haki. Mwaka 2024, mwisho wa kikao, binti mmoja alisimama. Alisema: "Maalim, tunakushukuru. Uliyotufunza hatuwezi kuyalipa. Lakini kila tungo yetu inatoka na sauti yako, na tunaomba mtu mwingine atuongoze." Hakuongeza neno. Vijana wengine walitazama mikeka.

Nilikwenda nyumbani na methali ya karani mdomoni. Nilimwambia mke wangu, shukrani ya punda ni mateke, na yeye akaniuliza ni nani kati yetu aliyefungwa kwenye gari. Sijapata kumsimulia yale mawazo yangu ya Bariadi. Alisema tu kwa akili yake.

Siku zile zile niliyajua mambo ambayo kila mtu mjini aliyajua ila mimi. Kumbe vijana saba waliokuwa wameacha kuja, ambao niliwahesabu kuwa wameshikwa na kazi au ndoa, walikuwa wakikutana kila Jumamosi katika baraza jingine, na yapata mwaka wa pili sasa. Walikwisha kupiga hatua zao arubaini. Hawakunizomea wala hawakuniaga, na mimi ningi sikugeuka kutazama uwanja. Waliobaki mbele yangu wakinung'unika walikuwa wale walioshindwa kuondoka. Nilikifungua kitabu cha mahudhurio nikatafuta jina la yule binti. Katika miaka minne hakukosa Alhamisi isipokuwa mbili, na zote mbili zilikuwa za msiba wa bibi yake.

Nikakumbuka marekebisho niliyomfanyia. Kulikuwa na shairi lake moja juu ya wavuvi wa pweza, ambalo nililikata beti tatu kwa sababu neno moja sikuwahi kulisikia. Baadaye niliuliza kwa wanawake wa pwani ya mashariki, nikaambiwa ni neno lao la kila siku. Sikumrudia kumwambia.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwao. Nilimkabidhi kitabu cha mahudhurio na ufunguo wa kabati la madaftari, nikamwambia habari ya neno lile, na kwamba zile beti tatu azirudishe. Aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. Hakunibembeleza nibaki, na mimi, nisiwe mwongo, nilikuwa nimetarajia kidogo kubembelezwa. Aliniuliza tu kama Alhamisi nitafika. Nilimjibu kwamba nitafika, mwanangu, ila huenda nikachelewa, kwani siku hiyo nina ahadi na daktari wa macho.